Mita 120 za gunia: kikundi cha kudarizi cha Hamburg, Afrika Kusini, na kazi zake za pamoja

Vikundi vingi vya kudarizi ninavyovifahamu havikufa kwa kukosa sindano wala mikono. Vilikufa kwa mambo ambayo kila mweka hazina anayajua: oda imekatika, hela ya mauzo imegawanywa kwa hesabu isiyoeleweka, au yule mmoja aliyekuwa akitafuta soko kaolewa mji mwingine. Mawaidha juu ya hayo tumeshayasikia mpaka basi. Kwa hiyo nimechukua kisa kimoja nikifuate toka kilipoanzia: kikundi cha kina mama wa Kixhosa wa kijiji cha Hamburg, jimbo la Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, kinachojulikana kwa jina la Keiskamma Art Project. Kilianza mwaka 2000. Kimetoa kazi kadhaa za pamoja ambazo huwezi kuandika habari za sanaa ya nchi ile ukaziruka, na mojawapo ilipelekwa bungeni Cape Town.

Swali langu ni moja. Kazi kubwa ya pamoja, ile inayomeza miezi na mikono mia, inakinufaisha kikundi au inakimaliza? Wengi wetu tungejibu haraka kuwa inakimaliza. Foronya inauzwa leo. Kitambaa cha mita mia nani atakinunua, na wanachama watakula nini wakati wanakishona? Kisa cha Hamburg kinajibu kinyume. Jibu hilo lina gharama yake, nami nitaitaja, maana wanaokisimulia kisa hiki kwa sifa tupu huwa wanairuka.

Mahali penyewe

Hamburg ipo pale Mto Keiskamma unapoingia Bahari ya Hindi. Jina la Kijerumani lilikuja 1857, Waingereza walipowapa ardhi askari wa Kijerumani waliokuwa wamewaandikisha kwa ajili ya Vita vya Krimea. Ndiyo sababu upande ule kuna Berlin na Potsdam pia. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Waxhosa waliipoteza kidogo kidogo katika vita vya mpaka vilivyoanza 1779 na kwisha 1879, vita tisa ndani ya miaka mia moja.

Katikati ya maangamizi hayo, 1856, msichana aitwaye Nongqawuse alisema ameambiwa na wahenga kwamba watu wachinje ng'ombe wao wote na kuteketeza nafaka, ndipo wafu wafufuke na wazungu wafagiliwe baharini. Watu walichinja. Inakadiriwa ng'ombe 400,000 walikwisha, na watu kama 40,000 wakafa kwa njaa. Ng'ombe wamejaa kwenye darizi za Hamburg, na mgeni huwaona kama mapambo ya kijijini. Kwa wenyeji ni habari nyingine kabisa.

Karne ya 20 ilileta Ciskei, moja ya yale maeneo ambayo serikali ya ubaguzi wa rangi iliwatengea Waafrika kisha ikayaita nchi huru. Ciskei ilipewa "uhuru" wake 1981 na hakuna taifa jingine duniani lililoutambua. Wanaume walikwenda migodini na mijini kutafuta mshahara. Wanawake walibaki na watoto, shamba dogo na pensheni ya bibi. Mwaka 1994 mipaka hiyo ya bandia ilifutwa, lakini ajira haikuja na bendera mpya.

Walianza na taka

Carol Hofmeyr alihamia Hamburg mwaka 2000 akitokea Johannesburg. Ni daktari aliyesomea pia sanaa, na wakati ule alikuwa anataka zaidi kufanya sanaa kuliko kushika tena kazi ya tiba. Alikuta kijiji chenye bahari nzuri na watu wasio na kazi. Alichoanza nacho pamoja na kina mama ni mifuko ya plastiki iliyozagaa: kuiokota, kuikata mikanda myembamba na kuifuma kwa kroshia ikawa kofia na mikoba. Mifuko ya namna hiyo ilikuwa mingi Afrika Kusini miaka ile hadi watu wakaitania kuwa ndiyo ua la taifa.

Kazi ya taka ina uzuri mmoja, haidai mtaji. Ila mnunuzi wa mkoba wa plastiki ananunua kwa huruma, na mteja wa huruma hulipa mara moja. Nadhani kikundi kingeendelea na plastiki peke yake, leo nisingekuwa na kisa cha kuchambua.

Darizi ilifuata, kwa walimu waliotoka Uingereza kuja kufundisha mishono. Wapo wanaosimulia jambo hili kana kwamba kina mama wale walikuwa hawajui kitu mpaka walipoletewa sindano. Si kweli. Waxhosa wana ufundi wa shanga wa tangu enzi, na mtu aliyelelewa akipanga shanga kwa rangi na hesabu haogopi kitambaa cha kuhesabu nyuzi. Kilichokuwa kigeni ni sufu na aina za mishono. Subira na jicho la rangi walikuwa navyo. Anayeanzisha kikundi na akapuuza ufundi uliopo nyumbani kwa watu anajitwisha kazi maradufu, na hilo nimeliona kwenye miradi mingi ya wafadhili inayowafundisha wanawake wa pwani ushonaji wa kigeni huku bibi zao wanadarizi kofia ukumbini.

Kazi ya kwanza kubwa

Mfano ulitoka mbali: kile kitambaa kirefu cha Bayeux, Ufaransa. Kina urefu wa mita 70 hivi na kimo cha nusu mita, kimedariziwa karne ya 11 kwa nyuzi za sufu juu ya kitani, na kinaeleza jinsi Wanormani walivyovuka bahari mwaka 1066 wakaiteka Uingereza. Wataalamu wengi wanaamini kilishonwa Uingereza kwenyewe, yaani walioshindwa ndio walioshika sindano kusimulia ushindi wa waliowashinda. Majina yao hayakuandikwa popote.

Hamburg walichukua umbo lile, mkanda mrefu unaousoma huku unatembea, wakaweka ndani yake kutekwa kwao wenyewe. Urefu: mita 120. Kinaanza na Wasan, wenyeji wa kwanza wa kusini mwa Afrika, kinapita kwenye wafugaji, meli, vita vya mpaka, Nongqawuse na mizoga ya ng'ombe, ubaguzi wa rangi, kinaishia kwenye zile foleni ndefu za kura za 1994. Zaidi ya wanawake mia moja walikishona, na mwaka 2004 kilikuwa tayari.

Kitambaa chenyewe ni gunia. Hili ni jambo la kiufundi ninalotaka tulitazame kwa karibu, kwa sababu ndilo lililowezesha mengine yote. Anayejifunza kudarizi kwenye kitambaa laini anahangaika: matundu hayaonekani, uzi ni mwembamba, na baada ya siku nzima amemaliza eneo la kiganja. Gunia lina nyuzi nene zilizoachana, tundu la sindano unaliona kwa macho hata taa ikiwa hafifu, na sufu inajaza nafasi haraka. Mtu mgeni anaweza kuhesabu nyuzi nne, akachoma, akahesabu nne tena. Kosa likitokea linafumuliwa bila kuacha alama. Taabu zake nazo zipo. Pembe zinafumuka usipozipiga bandi mapema. Ukivuta sufu kwa nguvu gunia linajikunja, na kipande kilichojikunja hakitakaa sawa na jirani yake siku ya kuunganisha. Vipande viwili vya kipimo kimoja hurudi kimoja kifupi kwa vidole viwili kwa sababu tu ya mkono mzito wa mshonaji. Kwenye urefu wa mita 120 kasoro hiyo si ndogo, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima kila kipande kinaporudi.

Mpangilio wa kazi ulikuwa wa ngazi. Historia ilisomwa na kujadiliwa kwanza, kisha wenye mkono wa kuchora wakachora, mchoro ukahamishiwa kwenye kitambaa, washonaji wakashona, mwisho vikaunganishwa. Ukikitazama kitambaa kwa karibu mikono inatofautiana: huyu kajaza ng'ombe kwa mishono iliyonyooka kama mvua, yule kamzungushia mnyororo kutoka tumboni kwenda nje. Hakuna aliyelazimisha ng'ombe wote wafanane. Mimi naona hapo pana busara ya uongozi ambayo vikundi vya oda za hoteli havina, maana hoteli inataka foronya arobaini zilizo pacha, na mshonaji mwenye mkono wake huanza kuonekana ni tatizo.

Sasa turudi kwenye swali la tumbo. Wakati wa kushona kazi ile, wanawake walikuwa wanalipwa kwa kushona. Kwa maneno mengine, mradi mkubwa ulikuwa ajira ya miezi mfululizo, mahali ambapo ajira haikuwepo. Ulikuwa pia shule. Anayeshona foronya za ua moja mwaka mzima anajua ua moja. Aliyepita kwenye mkanda ule alikutana na farasi, meli, moto, sare za askari, uso wa mtu anayelia. Na wengi wao walikuwa wamesomea historia kwenye shule za Bantu Education, mfumo uliowekwa kwa sheria ya 1953, ambako vita vya mpaka vilifundishwa kwa upande wa mlowezi. Kujadili kila tukio kabla ya kulichora, nadhani, ilikuwa faida ambayo haikuandikwa kwenye bajeti yoyote.

Kitambaa kilioneshwa 2004 kwenye Tamasha la Taifa la Sanaa, Grahamstown. Mji huo tangu 2018 unaitwa Makhanda, kwa jina la kiongozi wa Kixhosa aliyeushambulia 1819. Lile la zamani lilikuwa la mwanajeshi wa jeshi la Uingereza. Benki ya Standard Bank ikakinunua na kukiazima Bunge.

Wakati kikundi kinazika

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na ndipo ninapotofautiana na wanaokiweka kikundi hiki kwenye kabati la "uwezeshaji wa wanawake kiuchumi" na kufunga mlango.

Mwaka 2004, kati ya wajawazito waliopimwa kwenye kliniki za umma za Afrika Kusini, asilimia 29.5 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Rais Thabo Mbeki alikuwa akihoji hadharani kama virusi ndivyo vinavyosababisha ugonjwa, na waziri wake wa afya akisifia vitunguu saumu, ndimu na viazisukari vyekundu. Dawa za kurefusha maisha zilianza kugawiwa kwenye hospitali za umma 2004 tu, baada ya kesi mahakamani na maandamano ya miaka. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kwamba kuchelewa huko, kati ya 2000 na 2005, kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Hamburg ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Washonaji walikuwa wanauguza, wanazika wana na mabinti, na wengine walikuwa wanaumwa wenyewe. Hofmeyr, aliyekuja kwa ajili ya sanaa, alirudi kwenye udaktari kwa kuwa hakukuwa na namna. Kituo cha tiba kikafunguliwa kijijini, dawa zikaanza kutolewa.

Mwongozo wa kawaida wa vikundi ungesema kipindi kama hicho ni cha kusimamisha miradi mikubwa. Wao walianza mwingine, mgumu kuliko wa kwanza: picha ya madhabahuni. Mfano safari hii ulikuwa ile ya Isenheim, iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516 hivi, ambayo sasa ipo Colmar, Ufaransa. Ilitengenezwa kwa ajili ya watawa waliohudumia wagonjwa wa maradhi ya kutisha ya ngozi na viungo yaliyotokana na nafaka iliyoingia kuvu. Grünewald alimchora Kristo msalabani akiwa na vidonda mwilini, ili mgonjwa aliyeletwa mbele yake aone kwamba maumivu yake yanajulikana. Kuchagua mfano ule haikuwa kubahatisha.

Kazi ya Hamburg ilikamilika 2005, na wanawake kama 130 waliishiriki. Ikifunguliwa ina kimo cha mita nne hivi na upana unaokaribia saba. Ina milango yenye bawaba, inafunguka mara mbili, kwa hiyo ina nyuso tatu. Uso wa nje, pale Grünewald alipomweka Kristo, amesimama mjane wa Kixhosa katika vazi lake, na nyuma yake msalaba. Wamemzunguka watu wa kijiji na mayatima. Chini, kwenye mkanda mrefu, kuna msiba wa kijana. Ukifungua milango ya kwanza rangi zinalipuka: samaki, ndege, miti, watu wanaoshangilia, na mzee mmoja wa kijijini aliyejulikana kwa kukimbia kwenye vilima vya mchanga akiacha michoro ya nyayo zake kama ibada. Ukifungua tena, ndani kabisa, darizi inapungua. Kuna picha za kamera, za ukubwa wa mtu, za mabibi watatu wa kijiji na wajukuu waliobaki nao, na pembeni shanga.

Uamuzi wa kuweka picha za kamera mahali patakatifu kuliko pote unanishangaza kila nikiufikiria. Kikundi cha kudarizi kilifika kwenye kilele cha kazi yake kikasema hapa sindano ikae pembeni, waonekane watu. Mdarizi mwenye majivuno asingekubali.

Picha hiyo ilioneshwa kwanza katika kanisa kuu la Grahamstown, kisha ikasafiri. Agosti 2006 ilikuwa Toronto, Kanada, katika Kanisa Kuu la St. James, wakati mji huo ukiwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa UKIMWI. Kwenye mkutano wenyewe, banda rasmi la serikali ya Afrika Kusini lilipangwa vitunguu saumu, ndimu na viazisukari, na likazua fedheha iliyoandikwa dunia nzima. Nchi moja, mji mmoja, wiki moja: waziri ana mboga, kina mama wa kijijini wana mjane wa mita nne.

Sasa, kikundi kilipata nini? Kilipata jina, na jina likaleta oda na wafadhili. Hilo linahesabika. La pili halihesabiki ila naliona kubwa zaidi. Katika nchi ambako kukiri ugonjwa kulikuwa aibu, kulikuwa na chumba ambacho wanawake walikaa pamoja saa nyingi, macho yakiwa kwenye kitambaa, wakizungumzia msiba kwa sababu msiba ndiyo kazi iliyokuwa mezani. Huhitaji kumtazama mwenzio usoni ukiwa unashona. Wanaoendesha vikao vya ushauri nasaha wangejifunza kitu hapo.

Kazi ya hasira

Mwaka 2010 ilitoka Guernica ya Keiskamma. Guernica ya kwanza, picha aliyoichora Picasso mwaka 1937, iliupigia kelele mji wa Guernica wa Wabaski, Hispania, uliolipuliwa kwa mabomu. Ina kimo cha mita 3.5 na upana wa karibu 7.8. Hamburg walifuata vipimo hivyo, wakaweka nyenzo zao: mablanketi yaliyotumika, yakiwemo ya hospitali, nguo za kazi zilizochakaa, waya na chuma chenye kutu. Mabomu yao ni UKIMWI na huduma za afya zilizowaacha watu wakifa ilhali dawa ipo.

Kwangu hii ndiyo bora kuliko zote, ijapokuwa haipendezi macho, au labda kwa sababu hiyo. Hakuna mlango wa kufungua ukakuta furaha. Na kwa upande wa uchambuzi, inaonesha kikundi kilichokomaa: kinaweza kufumua ladha ile ile iliyokipa soko, yale maua na ng'ombe wa rangi, kikatoa kitu cha kijivu ambacho hakuna mtalii atakayekitaka sebuleni.

Nani anakula, nani anatajwa, nani anamiliki

Kazi kubwa hazikuwa mkate wa kila siku. Mkate ulikuwa na bado ni vitu vidogo: foronya, mikoba, vitambaa vya ukutani, mapambo ya Krismasi. Mtu anayenunua foronya ya Hamburg ananunua pia kipande cha jina lililotokana na kitambaa cha bungeni, na ndiyo maana haombi bei ishuke kama anavyofanya kwa foronya ya kibandani. Kwa hesabu yangu basi kazi kubwa iwekwe kwenye daftari upande wa mtaji, pamoja na cherehani na jengo. Ukiiweka upande wa bidhaa utaona hasara tupu na kikao kijacho kitaipinga, kwa haki.

Gharama zake ni hizi. Ya kwanza ni majina. Andiko lolote la gazeti kuhusu kikundi hiki huanza na daktari. Si kosa lake. Mwandishi ana nafasi ya jina moja, na jina la mzungu msomi linamjia kwanza. Lakini matokeo yake ni kwamba washonaji mia wanageuka "wanawake wa kijiji", kama wale wa Bayeux wasiojulikana, na hii ni karne ya 21 yenye karatasi na kalamu. Wamekuwepo wasanii wa pale pale waliolelewa na mradi hadi kuongoza uchoraji, na ilichukua miaka kuanza kusikika.

Ya pili ni kuegemea. Kikundi kipo chini ya Keiskamma Trust, taasisi ya hisani yenye shughuli za afya, elimu na muziki. Mwavuli huo ulikivusha miaka ya vifo. Mwavuli huo huo unamaanisha mfadhili akibadili vipaumbele vyake huko aliko, sindano za Hamburg zinasikia. Kikundi kinachotegemea oda kubwa na hisani kina miguu miwili iliyo nje ya kijiji.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike: umiliki. Kitambaa cha mita 120 ni mali ya benki na kimekaa chini ya uangalizi wa Bunge. Kutoka Hamburg hadi Cape Town ni takriban kilomita elfu moja. Tarehe 2 Januari 2022 Bunge liliungua vibaya. Ukumbi wa vikao ukateketea. Kitambaa kilinusurika, waziri akatangaza kwamba kipo salama. Fikiria upande wa pili wa tangazo hilo: kama kingeungua, mwenye kufidiwa si aliyekishona. Septemba mwaka huo kazi za kikundi zilikusanywa kwenye maonesho makubwa Constitution Hill, Johannesburg, pale palipokuwa gereza na sasa ipo Mahakama ya Katiba. Ilibidi kukusanya, maana kazi zenyewe zimetawanyika.

Sisemi wasingeuza. Mwaka 2004 kijijini hapo kulikuwa na njaa, na benki ilileta pesa. Ningekuwa kwenye kikao kile ningenyoosha mkono wa kukubali. Nasema tu kwamba yapo mambo ya kudai kabla ya kukabidhi.

Kwa vikundi vyetu

Darizi yetu ya pwani, ya kofia, imejengwa kwa namna nyingine. Kofia ya mkono ni ya mtu mmoja toka mwanzo. Mwanamke wa Unguja au Lamu anaweza kukaa nayo miezi, akaiuza kwa dalali, na jina lake likabaki kwa dalali kama lilibaki popote. Kikundi kikiwepo, mara nyingi ni cha upatu: tunakutana kuchanga, si kushona. Kwa hiyo hatuna kazi ambayo ni mali yetu sote. Sioni kwa nini kina mama wa mtaa mmoja wa Mombasa au Tanga wasidarizi habari ya mtaa wao, kipande kwa kipande, huku kofia zinaendelea kulipa ada za shule. Gunia lipo sokoni. Anayejua kuchora hakosekani. Tatizo litakuja siku mtu wa hoteli au wa makumbusho atakapofika na hundi.

Siku hiyo kikundi kiwe kimeshaandika kwenye katiba yake kwamba majina ya walioshona yatashonwa kwenye kazi yenyewe, pembeni, herufi zinazosomeka, sio kwenye karatasi itakayopotea. Kwamba mnunuzi atairudisha kazi mtaani ioneshwe kila baada ya miaka kadhaa kwa gharama zake. Kwamba haki ya picha, yaani kadi, kalenda na mikoba itakayochapwa kwa mchoro ule, inabaki kwa kikundi, kwa sababu humo ndimo pesa ndogo ndogo za miaka mingi zilimo. Kwamba kazi ikiuzwa tena kwa bei kubwa, kikundi kina fungu lake. Na hundi yenyewe iandikwe jina la kikundi, isiandikwe jina la mwenyekiti.